Michirizi ya waipa kioo cha mbele imegoma kutoka, wazoefu wa Dodoma njooni

zabibu_kavu
Wakuu, habari za jioni.

Nina gari, Toyota IST, huu mwaka wa tatu niko nayo. Tangu mvua za kwanza zidondoke hapa Dodoma, kioo cha mbele kimekuwa mtihani. Nikiwasha waipa, upande wangu wa dereva inabaki michirizi myeupe yenye umbo la upinde, kama mtu kapitisha kitambaa chenye maziwa. Inakaa sekunde mbili tatu, inafifia, waipa ikipita tena inarudi.

Mchana navumilia. Kazi ni jioni. Ofisi yangu iko Mtumba, naishi Nkuhungu, kwa hiyo nikitoka kazini nakwenda na jua usoni njia nzima, na asubuhi hivyohivyo upande wa pili. Jua likigonga kile kioo sioni mbele kabisa, naona duara linalometameta tu. Juzi pale karibu na Nzuguni nilikosa kumwona mtu wa baiskeli mpaka alipokuwa hatua chache. Nikapaki pembeni nikakaa kwanza.

Nilivyojaribu mpaka sasa: mipira mipya ya waipa (Majengo), sabuni ya mche na taulo, mafuta ya taa na gazeti, na dawa ya meno. Ndiyo, dawa ya meno. Dogo anayeniosheaga gari alinihakikishia. Nilikipiga mswaki kioo kizima, majirani wakatoka kuangalia.

Kuna fundi kaniambia dawa ni kununua kioo kingine. Kabla sijaanza kukopa, nisaidieni.

Tairi_Bovu
Uza gari nunua bajaji. Haina waipa ya kukusumbua.

Mgogo_Asilia
Tairi_Bovu, bajaji ina waipa. Moja, ila ipo.

Mbukwenyi mtoa mada. Swali la kwanza: mipira mipya ulitoa ile plastiki ya rangi inayokuja imefunika ukingo? Usicheke, nimeshakuta mtu Chang'ombe katembea nayo wiki mbili analaumu duka.

zabibu_kavu
Nilitoa mkuu 😂 Walau hilo nimefaulu.

mama_wawili_Kisasa
Kaka, hebu anza na ndani. Mimi nilihangaika mwezi mzima nafuta nje, kumbe uchafu uko ndani. Gari likishinda juani siku nzima, na jua letu mnalijua, plastiki ya dashibodi inapata moto na kutoa mvuke wenye mafuta, unakwenda kuganda kwenye kioo. Ukijipakia na ile polishi ya dashibodi inayong'aa ndiyo unaongeza. Pitisha kidole ndani ya kioo, kama kinaacha njia basi umeshapata nusu ya tatizo.

Nilichotumia: spiriti kidogo kwenye kitambaa cha mikrofaiba, halafu kitambaa kingine kikavu. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Nikaona aibu peke yangu.

Lori_la_Usiku
Nimeendesha njia ya Dar – Dodoma – Singida muda mrefu, acha niseme kidogo.

Michirizi inayokuja waipa ikipita na kufifia yenyewe ni mafuta. Kioo kikiwa safi kweli, maji yanalala juu yake kama shuka. Kikiwa na utando wa mafuta, waipa inakata yale maji kuwa vitone vidogovidogo sana, ndiyo hiyo rangi ya maziwa unayoiona, halafu vinakauka. Mafuta yenyewe yanatoka wapi? Moshi wa dizeli wa sisi watu wa malori, samahani. Lami. Polishi wanayokupulizia mahali pa kuoshea gari ili tairi ziwe nyeusi. Na kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukipita Kibaigwa kwenda Gairo saa mbili usiku, kumbikumbi wanakuja kwenye taa kama wamealikwa. Yule mdudu ana mafuta, si mnawakaanga bila kuongeza mengine? Sasa dereva mgeni anafanya nini: anawasha waipa. Amekwisha. Amekaanga kioo kizima.

Kumbikumbi hawapanguswi na waipa. Unapunguza mwendo, ukifika penye taa unasimama, unamwaga maji na sabuni ya vyombo, unasubiri walainike, unafuta na sponji. Mimi chupa ya maji yenye sabuni haitoki kwenye kabini.

Na wewe mtoa mada umesema umefuta kwa mafuta ya taa. Jina lake tu lilitosha kukuonya.

Tairi_Bovu
"Amekaanga kioo kizima" 🤣🤣 njaa imeniuma.

kijana_Iyumbu
Mkuu usipate tabu. Weka maji ya betri kwenye tambara, futa mara moja, kioo kinakuwa kama cha dukani. Mzee wangu anafanya hivyo siku zote.

Fundi_Mkimya
kijana_Iyumbu, maji ya betri yapi? Maana kuna watu wanaita "maji ya betri" yale masafi ya kuongezea, na kuna wanaoita hivyohivyo asidi. Mtu akisoma hapa akaenda kumwagia asidi, itashuka kwenye boneti na kwenye chuma za waipa, rangi inachubuka na yeye mwenyewe anaungua mikono. Fafanua.

kijana_Iyumbu
Nimempigia mzee. Ni yale masafi ya kuongezea. Asidi hapana. Naomba radhi.

Fundi_Mkimya
Hapo sawa. Na tena mzee wako ana akili, ila sababu ataieleza mwalimu, yupo humu namjua.

Niongeze: na ile dawa ya kusafishia choo msithubutu. Wapo wanaoitumia. Nimepokea gari gereji, nikeli za mbele zimekuwa kama zimeugua ukoma.

Mwalimu_K
Nimeitwa.

Zabibu, kabla ya kuendelea kusugua, jua unasugua nini. Kwenye hicho kioo chako naona kuna wageni watatu na kila mmoja ana dawa yake. Umewapiga wote kwa fimbo moja ndiyo maana hawaondoki.

Wa kwanza ni mafuta, Lori_la_Usiku kamaliza. Siongezi.

Wa pili ni chokaa. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visimani, bonde la Makutupora kule Mzakwe, na maji yaliyokaa ardhini muda mrefu yanabeba kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo yale tuliyoyaita shuleni maji magumu. Hayana madhara kunywa, lakini fungua birika lako la chai uangalie chini: ule ukoko mweupe ndio uleule ulioko kwenye kioo chako. Unaosha gari saa saba mchana juani, tone linakauka kabla hujalifikia na taulo, maji yanaondoka na chokaa inabaki. Kesho tena. Na tangi la waipa unajaza maji yaleyale ya bomba. Kisha ukaenda kuosha na sabuni ya mche! Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu haitoi povu vizuri, inatengeneza utando mzito unaonata. Ule unaouona ukizunguka beseni la kufulia. Kwa hiyo ukaongeza tabaka.

Wa tatu ni mkwaruzo wenyewe. Hapa tuna miamba ya granaiti kila upande, na mchanga wake una madini magumu yanayoitwa kwatsi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ni 7, kioo ni karibu 5.5. Maana yake vumbi letu linakata kioo, na kioo hakilikati vumbi. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba waipa imelala juani, mpira unakauka na kuwa mgumu, vumbi la upepo wa Agosti na Septemba linajikusanya chini yake. Siku moja unaona kioo kina vumbi, unagusa waipa bila maji. Pasi moja tu. Hapo umepiga msasa.

Jinsi ya kuwatambua: paki kivulini, mwagia kioo maji. Alama zinazozaliwa waipa ikipita na kufa zenyewe, mafuta. Alama zinazopotea kioo kikilowa na kurudi palepale kikikauka, ni chokaa au mikwaruzo myepesi, kwa sababu maji yanaijaza. Hizo mbili utazitenganisha kwa siki: ikitoka ni chokaa, isipotoka ni mkwaruzo. Pitisha pia ukucha, ukikwama ujue mkwaruzo ni wa kina.

zabibu_kavu
Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye nimeongeza tabaka mbili katika hizo tatu.

Mwalimu_K
Marahaba. Tatu, ukihesabu dawa ya meno iliyobaki pembeni ya kioo.

mtoto_wa_Kondoa
Mwalimu samahani, na ule utaratibu wa kusugua kiazi kibichi au tumbaku ili maji yateleze? Baba yangu akiendesha Kondoa enzi ile barabara ya vumbi, waipa ikifa alikuwa anasugua tumbaku kioo kizima na tunafika.

Mwalimu_K
Huo ni wa dharura na unasaidia kwa muda, maji yanasambaa badala ya kusimama vitone. Lakini mwenzetu tatizo lake ni vitu vilivyoganda juu ya kioo, asiongeze kiazi.

Lori_la_Usiku
Tumbaku imenifikisha Manyoni usiku wa mvua mara moja. Naiheshimu.

dada_wa_Miyuji
Mimi nina swali la pembeni. Gari langu lilikuja kutoka Japani kioo kinarusha maji, matone yanakimbia yenyewe ukiwa kwenye mwendo. Lilikuwa raha. Sasa mwaka wa pili waipa inaruka ruka na kulia "ngrr ngrr" hata mpira ukiwa mpya. Ni hayohayo?

Fundi_Mkimya
Dada hiyo ni dawa ya kioo ya Kijapani, kama Glaco na ndugu zake. Haidumu milele, inachakaa na inachakaa vipandevipande. Sehemu yenye dawa waipa inateleza, sehemu isiyo na dawa inashika, ndiyo kuruka huko. Ama uitoe yote kwa polishi ya kioo ama upake upya juu ya kioo kilichosafishwa kabisa. Kupaka juu ya iliyochakaa ni kupaka rangi juu ya kutu.

Ila kuruka kuna sababu nyingine ambayo watu wanaisahau, mkono wenyewe. Simama mbele ya gari, mtu akuendeshee waipa polepole. Ule mpira unatakiwa ulale nyuma ya mwendo, kama ufagio. Waipa ikienda kulia ulale kushoto, ikigeuka na wenyewe ugeuke. Mkono ukiwa umepinda, mpira unalala upande mmoja tu. Kwenda unapangusa, kurudi unaparuza. Hapo hata ununue mpira wa bei gani. Unanyooshwa na spana taratibu, lakini kwanza toa waipa nje ya kioo, au weka taulo lililokunjwa chini yake. Ule mkono una springi. Nilikuwa na kijana gereji, alitoa mpira, akauacha mkono umesimama, akaenda kuchukua mpira mpya. Upepo. Ulirudi kama rungu, kioo kikapasuka toka chini mpaka juu. Tulikilipa sisi.

Tairi_Bovu
Kijana yupo bado?

Fundi_Mkimya
Yupo. Sasa hivi ndiye anayeweka taulo kabla ya mtu yeyote.

zabibu_kavu
MREJESHO WA KWANZA

Jumamosi nimeamka saa kumi na mbili, jua halijachangamka, gari chini ya mwarobaini. Nimefanya hivi.

Nimemwagia maji mengi kwanza bila kugusa, ili vumbi lishuke lenyewe. Nilikuwa sifanyi hivyo, nilikuwa naanza na taulo moja kwa moja. Halafu sabuni ya vyombo na sponji laini, nikasuuza. Ndani nikapitisha spiriti kama mama_wawili alivyosema. Kitambaa kimetoka kahawia, naye alisema aibu, mimi nimekificha.

Nje nikapitisha spiriti pia, na mipira ya waipa nikaifuta ukingo kwa kitambaa chenye spiriti. Mipira ni mipya lakini ilitoa weusi mpaka nikadhani nimeiharibu.

Kisha siki nyeupe. Nilimwaga kwenye karatasi za chooni, nikazilaza kwenye kioo zikae dakika kumi, zikianza kukauka naongeza. Sikumwagia ovyo kwenye rangi. Nikasuuza. Nikarudia mara ya pili sehemu ya chini, pale waipa zinapolala, kulikuwa na mstari mweupe mgumu kama wa birika. Hapo mwalimu alikuwa anasema kweli tupu, nilisikia ukikwanguka chini ya kidole.

Gharama: siki 3,000, spiriti 2,500, vitambaa viwili 4,000. Karatasi za chooni nimeiba ndani, mama watoto asisome hapa.

Matokeo. Mvua ilinyesha jana jioni. Waipa inapita na kioo kinabaki cheusi, hakuna maziwa. Nilitaka kulia.

LAKINI. Leo jioni narudi na jua usoni, upinde mmoja upo. Mmoja tu, upande wangu, kimo cha macho. Nikilowesha unapotea, kikikauka upo. Siki haiugusi. Ukucha haukwami.

mama_wawili_Kisasa
Hongera kaka! Huo uliobaki ni mkwaruzo.

kijana_Iyumbu
Sugua na ile stili wulu ya jikoni kidogo tu.

Fundi_Mkimya
kijana_Iyumbu tafadhali pumzika.

Zipo nyuzi za chuma laini sana, za namba sifuri nne, mafundi wanatumia kwenye kioo chenye sabuni kutoa uchafu sugu, na zinafanya kazi. Ile ya jikoni ya kusugulia sufuria ni nzito, itaongeza mikwaruzo elfu. Na mkwaruzo hautolewi na nyuzi yoyote hata hivyo. Majivu pia hapana, najua kuna mtu anataka kusema majivu.

Mgogo_Asilia
Nilikuwa naandika majivu. Nimefuta.

zabibu_kavu
Fundi, kuna kitu cha kufanya au nizoee?

Fundi_Mkimya
Kipo. Inaitwa oksidi ya seriamu, ni poda yenye rangi kama ya unga wa ulezi uliofifia, nyingine inaelekea weupe. Wenye maabara za miwani wanaitumia kung'arishia lenzi za kioo. Mimi naagiza Kariakoo inakuja na basi. Haifanyi kazi kama msasa peke yake, inakula kioo kidogokidogo ikishirikiana na maji, kwa hiyo uso unabaki laini.

Unakoroga na maji iwe uji. Pedi ya sufi, mashine ya polishi ya mwendo mdogo, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Watu wanachukua grenda ya kukatia vyuma, ile inakwenda 11,000, hiyo si polishi, ni kuchoma. Kioo kikipata moto sehemu moja na pembeni kimepoa, kinapasuka. Mimi naweka mgongo wa mkono kila dakika: kikiwa vuguvugu napumzika, natia maji. Pembeni nafunika rangi na matundu ya hewa kwa nailoni na selotepu, maana uji ukikauka kwenye matundu utaupata mpaka mwakani.

Sasa sehemu ambayo watu hawapendi kusikia. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha siutoi kwenye upande wa dereva. Kuutoa ni kuchimba kioo pembeni yake mpaka kifikie kina chake, na ukichimba umetengeneza bonde, na bonde kwenye kioo ni lenzi. Utaona bodaboda zinapinda. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba na plastiki katikati, ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki kama vya milangoni, kwa hiyo wa nje hauna unene wa kuchezea. Cha kwako ukucha haukwami, kinaangaliwa. Sikuahidi kuisha.

Lori_la_Usiku
Mtu wa kweli huyu. Ningekuwa na gereji ningekuambia lete hela.

dada_wa_Miyuji
Fundi gereji yako iko wapi?

Fundi_Mkimya
Dada humu siandiki. Njoo kwenye ujumbe binafsi.

Tairi_Bovu
Mkimya mpaka kwenye biashara.

mtoto_wa_Kondoa
Nirudi kwa mwalimu kwenye maji ya tangi la waipa. Kama bomba lina chokaa, tuweke nini? Maji ya chupa ya kunywa?

Mwalimu_K
Maji ya kunywa ya chupa mengi yana madini pia, soma lebo. Hapa ndipo mzee wa kijana_Iyumbu anapostahili heshima: yale maji masafi ya kuongezea betri hayana madini, yakikauka hayaachi kitu. Ila kununua kila wiki ni gharama. Mimi nachukua maji ya kiyoyozi. Ule mpira mwembamba unaodondosha nje ya ofisi, yale maji ni mvuke wa hewa uliopoa, hayakupita ardhini, hayana chokaa. Weka dumu chini yake. Yachuje kwa kitambaa, tia matone machache ya sabuni ya vyombo kwa lita, yasizidi. Maji ya mvua ya bati pia yanafaa, siyo yale ya dakika za kwanza yanayoshuka na vumbi la miezi saba.

Kuchemsha kunapunguza sehemu ya chokaa, inabaki kwenye birika, lakini haimalizi.

Mgogo_Asilia
Yaani maji yale yanayonidondokea kichwani kila nikipita chini ya majengo ya mjini yana thamani.

mama_wawili_Kisasa
Na vitundu vya kurushia maji vikiziba? Vya kwangu kimoja kinarusha juu ya paa kinamlowesha wa nyuma.

Lori_la_Usiku
Sindano ya kushonea. Unazibua taratibu na unaigeuza kwa ncha hiyohiyo ielekee katikati ya kioo. Ikiwa imeziba kwa chokaa weka siki kidogo kwenye tundu usiku mmoja. Siku za Bunge mjini pakijaa magari, kurusha maji kwenye kioo cha mtu si jambo la utani, anaweza kuwa mheshimiwa.

zabibu_kavu
MREJESHO WA PILI

Nilikwenda kwa Fundi_Mkimya. Kwanza hakugusa mashine. Akachukua kalamu ya kuandikia kwenye kioo, akaingia ndani akakaa kiti changu, akaniambia nisimame nje, akazungushia upinde kwa ndani ili asipoteze mahali. Mimi nilikuwa nasugua kwa kukisia.

Akaangalia waipa. Mkono wa upande wangu ulikuwa umepinda kidogo, mpira hausimami vizuri. Na akanionyesha kitu: kwenye ule mkono kuna mahali kichwa cha mpira wa zamani kilichakaa kikawa kinagusa kioo, chuma kwa kioo. Mipira mipya iliondoa chanzo lakini alama ilishakuwepo. Kwa hiyo upinde si wa vumbi, ni wa mpira niliouchelewesha. Niliuacha tangu nilipolinunua gari, kumbe watu wanabadilisha kila mwaka, na kwa jua hili hata kabla.

Alinyoosha mkono, taulo chini (kijana ndiye aliyeweka, bila kuambiwa, nikacheka moyoni). Poda, uji, mashine. Saa moja na nusu kwa eneo la kama daftari mbili. Alisimama mara nyingi kuliko alivyosugua.

Jioni nikarudi na jua. Upinde upo lakini sasa naona mti, naona nguzo, naona mtu wa baiskeli toka mbali. Kama asilimia ishirini yake imebaki, kwa kukisia kwangu. Nilimuuliza tuendelee kesho, akakataa. Akasema hapo panatosha, zaidi ya hapo utaanza kuona barabara inacheza.

Fundi_Mkimya
Na usirudi kwa mwingine akumalizie.

zabibu_kavu
Sirudi.

kijana_Iyumbu
Hongera mkuu. Mimi na mzee tumeweka dumu chini ya kiyoyozi cha jirani. Lita tano kwa siku mbili.

Mwalimu_K
Jirani anajua?

kijana_Iyumbu
Anajua. Naye anataka lita mbili.